Misumari ya Inchi Moja

Anaeli alikuja Pasua saa mbili asubuhi,
kofia mkononi, viatu vina vumbi jekundu la Old Moshi,
akasimama pale pale alipomwaga petroli mwaka jana.
Sakafu bado ina baka jeusi. Hakulitazama.
"Mama amefariki," akasema. "Nataka jeneza."

Maseremala wamejaa Moshi hii.
Wako wa Majengo, wako wa Njoro, wako wa Kiborloni.
Sikumwuliza kwa nini mimi.
Labda mama mwenyewe aliagiza,
Mama Ndeanka, aliyenilisha kiburu
siku niliposhuka mjini na randa moja na msumeno wa kuazima.
Nikachukua futikamba, nikauliza urefu wa marehemu.
Akaonyesha kwa kiganja: hapa, kifuani pake.
Kiganja kikatetemeka.

Dawa ya moto ni moto, waliniambia majirani
usiku ule karakana ilipoungua.
Mimi nilibeba ndoo kutoka mferejini mpaka alfajiri.
Najua dawa ya moto.

Lakini kujua si kutenda.
Nilichagua mbao za mringaringa, nikazipiga randa,
nikapaka vanishi mara mbili, nikafunga mishikio ya shaba,
kisha kitakoni, pasipoonwa na mwombolezaji yeyote,
nikagongelea misumari ya inchi moja.
Ingeshika hadi kanisani.
Ingeshika kwenye mteremko wa Kidia.
Ingeachia kaburini, katikati ya migomba,
kwaya imeshafungua vitabu,
wajomba wanatazama, wakwe wanatazama.
Nilikuwa nikipiga mluzi.
Nilipotambua kuwa ni pambio la Jumapili, nikanyamaza,
nikaendelea kugonga.

Usiku Aikande akaniuliza mbona silali.
Nikamwambia, napiga hesabu.
Ni kweli nilikuwa nahesabu:
mashine ya randa, milioni tatu;
vitanda viwili vya watu, vimelipiwa;
kidole cha mwanangu kisichokunjika tena.
Shavu la kulia. Shavu la kushoto.
Hakuna aliyenifundisha la tatu hutolewa wapi.

Kisasi kina mwenyewe, tuliambiwa darasa la kipaimara,
ni kama shamba la mtu:
hata mahindi yakikomaa vipi, si yako kuvuna.
Nilipata alama zote katika somo lile.
Nilikuwa na miaka kumi na minne
na hakuna aliyekuwa ameniunguzia kitu.

Saa tisa usiku niliwasha taa ya karakana.
Nikalipindua jeneza.
Nikang'oa msumari mmoja mmoja, ishirini na sita,
kila mmoja ukilia kidogo, kama mtoto aliyeamshwa.
Nikatia gundi, na skrubu za inchi mbili na nusu.
Sikusikia amani yoyote.
Nilisikia mgongo.

Bei nilimtoza kamili.
Alihesabu noti, nikazihesabu tena mbele yake, nikaandika risiti.
Hakuja na jani la isale,
nami sikumwekea kiti.

Alhamisi tukakutana mahakamani,
yeye na utepe mweusi wa msiba mkononi.
Kuna waliodhani jeneza lile lilifuta kesi.
Mzee wa kanisa alinitupia jicho la pembeni:
umesamehe au hukusamehe?
Hakimu akaniuliza nilimwona nani na dumu.
Nikanyoosha kidole. Nikasema, huyu.
Sikusema alicheka, maana hakucheka.
Sikusema alilewa, maana sijui.
Nilikata maneno kwa kipimo cha ubao wenyewe,
bila kubakiza pa kupunguzia.

Misumari ile iko kwenye kopo la maziwa, juu ya dirisha.
Inafaa kwa fremu za picha, kwa vizimba vya kuku.
Bado sijautumia hata mmoja.
Siku nyingine, karakana ikiwa tupu,
nalishusha kopo, nalitikisa,
nisikie kama yote ingali mle.